Kijiji kinachojaa Desemba

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kuhesabiwa na juu ya barabara. Mambo haya mawili huonekana hayana uhusiano, lakini kwa sisi tuliozaliwa mlimani ni ndugu wa tumbo moja.

Mwezi uliopita nilipanda kijijini kwetu, Kibosho, kumjulia hali shangazi yangu. Daladala kutoka Moshi mjini ilinifikisha mwisho wa lami. Kutoka hapo ni bodaboda, na mvua ikinyesha hata bodaboda hukataa. Nikavua viatu, nikatembea. Njiani nilihesabu nyumba nzuri za matofali zilizofungwa kwa kufuli: 11. Zilizokuwa zikifuka moshi jikoni zilikuwa 4.

Shangazi alikuwa na mikungu mitatu ya ndizi imeegemezwa ukutani. "Mwanangu," akaniambia, "hizi zitaivia hapa hapa. Anayezibeba mpaka barabarani anataka nusu ya bei."

Sasa tutazame hesabu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,640,087. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 1,861,934. Katika miaka hiyo 10 tuliongezeka watu 13 na ushei kwa kila 100. Tanzania nzima iliongezeka watu 37 kwa kila 100. Je, Wachagga wameacha kuzaa? Hasha! Wanazaa, kisha wanahama.

Wanahama kwa sababu zinazojulikana. Kihamba cha babu kiligawiwa wana, kikagawiwa wajukuu, mpaka kikabaki kipande cha kutosha kaburi na migomba michache. Kahawa nayo, iliyowafanya wakulima waunde KNCU mwaka 1933 na kuvuta malori yapande mlimani, bei yake ikayumba, wengi wakaing'oa.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa pale tulipolala: Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Ni haki, maana huko ndiko tunakotumia maji na shule. Lakini mpangaji akifungua daftari anaona kijiji chenye wazee wachache. Atapeleka fedha za barabara wapi, huku au kwenye watu wengi? Basi barabara haijengwi kwa kuwa watu ni wachache, na watu wanazidi kupungua kwa kuwa hakuna barabara. Mbwa anazunguka akiufukuza mkia wake.

Njoo sasa Desemba. Kijiji kinafurika. Magari yanapanga foleni kwenye migomba, yanakwama kwenye tope, na wenyewe tunashuka tukiilaani Serikali. Januari tunafunga kufuli, tunaondoka. Shangazi anabaki na tope lile lile.

Sisemi Serikali isidaiwe. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, kazi yake ni barabara hizi za vijijini, na idaiwe. Kijiji kisipimwe kwa vichwa tu. Kipimwe pia kwa chakula kinachotoa na wagonjwa wanaoteremshwa kwa machela.

Lakini na sisi tujiulize. Wazee wetu walichimba mifongo kuleta maji kutoka msituni, kila nyumba ikatoa mtu wa kuisafisha. Hawakungoja sensa. Sisi tunachangia harusi kwa mamilioni, lakini kalavati moja linatushinda! Barabara ya mlimani haiuawi na magari, inauawa na maji yasiyo na mtaro. Mtaro unachimbwa kwa jembe na sepetu.

Desemba ijayo, kabla ya kuchinja mbuzi, tutenge siku moja tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nami nimemwahidi shangazi kwamba jembe langu litakuwa la kwanza.

Kwa leo naishia hapa.