Kisima Kimoja Hakitoshi: Habari za Lithuania

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii ni ya Waswahili, lakini iko nchi moja ndogo ya Ulaya ambayo imeijua maana yake kwa kuionja. Nchi hiyo ni Lithuania, iliyo kando ya bahari ya Baltiki, na watu wake hawatimii milioni tatu. Wakati wa baridi theluji huanguka huko, na nyumba isiyo na moto haikaliki. Kwa hiyo mwenye kuushika moto wa nchi hiyo huwashika pia watu wake.

Kwa miaka mingi moto huo ulishikwa na Moscow. Lithuania ilikuwa chini ya utawala wa Soviet, na mabomba ya mafuta na ya gesi yalitoka mashariki. Tarehe 11 Machi 1990 baraza la nchi lilitangaza kwamba uhuru umerudi. Mwezi uliofuata serikali ya Moscow ilizuia mafuta yasipite, na gesi ikapunguzwa sana. Petroli ikauzwa kwa kipimo, na shida hiyo ikaendelea mpaka mwanzo wa Julai. Haikuhitajiwa bunduki, kufungwa kwa bomba kulitosha.

Mwaka wa 2004 Lithuania iliingia katika Umoja wa Ulaya na katika mapatano ya ulinzi ya NATO. Marafiki wakawa wapya, lakini mabomba yakabaki yale yale. Tena, sharti moja la kuingia katika Umoja wa Ulaya lilikuwa kuufunga mtambo wa nguvu za atomiki wa Ignalina, kwa kuwa ulikuwa wa namna moja na ule wa Chernobyl ulioleta maafa mwaka wa 1986. Mtambo huo ndio uliotoa sehemu kubwa ya stima ya nchi. Ulipozimwa kabisa mwisho wa mwaka 2009, haja ya gesi ilizidi, na muuzaji wa gesi alikuwa mmoja tu, kampuni ya Kirusi iitwayo Gazprom. Mnunuzi asiye na duka la pili hawezi kupatana bei.

Ndipo serikali ilipokata shauri kufungua mlango wa bahari. Gesi ikipozwa sana hugeuka kuwa kama maji, ikaweza kupakiwa melini. Oktoba 2014 meli kubwa yenye urefu wa mita 294 ilitia nanga katika bandari ya Klaipėda. Jina lake ni Independence, yaani Uhuru. Kazi yake ni kuipokea gesi hiyo kutoka meli nyingine, kuipasha moto na kuiingiza katika mabomba ya nchi. Gesi ya kwanza ilinunuliwa Norwe. Watu wengine walinung'unika, maana gharama za meli ziliongezwa katika malipo ya watumiaji wa gesi. Lakini mwaka ule ule, hata kabla meli haijafika, Gazprom ilikubali kupunguza bei yake.

Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine kwa nguvu. Mwezi wa Aprili Lithuania iliacha kununua gesi ya Kirusi, ikawa ya kwanza kufanya hivyo katika Umoja wa Ulaya. Mwezi wa Mei bomba jipya la kuiunganisha na Poland lilifunguliwa. Ikabaki stima, kwani nyaya za Lithuania, Latvia na Estonia zilikuwa bado katika mpango mmoja na za Urusi. Tarehe 8 Februari 2025 nchi hizo tatu zilijitenga, na kesho yake zikaungana na nyaya za Ulaya kupitia Poland.

Isidhaniwe kwamba Lithuania sasa haimhitaji mtu. Gesi yake hutoka ng'ambo, bei hupanda na kushuka pamoja na masoko ya dunia, na nyaya zilizo chini ya bahari zinahitaji ulinzi. Lakini kuhitaji wengi si sawa na kumhitaji mmoja. Mwenye visima vitatu, kimoja kikifungwa, huchukua mtungi wake akaenda kwenye cha pili. Mwenye kisima kimoja hana budi kuomba.