Umasikini wa Mtoto Haupimwi kwa Mfuko wa Baba

 

Ndugu Waislamu, tunapoandaa orodha ya wanaostahiki zaka, swali letu la kwanza huwa: baba anapata shilingi ngapi? Ni swali la haki, lakini halimfikii mtoto. Mwaka 2016 Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF zilitoa ripoti juu ya watoto wa Tanzania Bara. Kwa kipimo cha fedha, watoto 29 katika kila 100 walikuwa masikini. Walipoangaliwa watoto wenyewe, yaani lishe, afya, elimu, maji, choo, makazi, ulinzi na habari, waliokosa mambo matatu au zaidi walifika 74.

Baba mwenye duka huweza kuvuka mstari wa umasikini, na mwanawe akanywa maji ya dimbwi kwa kuwa mtaa mzima hauna bomba. Mwingine anazo fedha, ila binti yake kaachishwa shule alee wadogo zake. Na zipo nyumba, tunazijua, ambazo nyama ni ya baba.

Hatusemi masharti ya zaka yabadilishwe. Mafungu yake manane yamekwishatajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Lakini sadaka na wakfu zina uwanja mpana: kisima cha wakfu humfikia hata mtoto wa mwenye duka. Basi kamati za misikiti zipite nyumba kwa nyumba kabla ya Ramadhani, ziulize habari za kila mtoto kwa jina lake, wakiwemo mayatima wanaolelewa na ndugu: anakula nini, anasoma wapi, anakunywa maji gani?