MTAJI SI MBOGA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanaushirika, Mbegani)



Tumeombwa tuseme tuliyojifunza katika kilimo cha mwani. Tutasema na makosa yetu, maana yametugharimu.

Kwanza, mwani haufuati saa ya ukutani, unafuata bamvua. Maji yakitoka, kila mtu awe baharini na kamba zake. Ukijilaza siku mbili tatu, maji mafu hayo yamefika, hupandi tena. Kupanda hadi kuvuna ni kama wiki 6, basi aliyechelewa ameikosa zamu nzima.

Pili, kuanika. Tulikuwa tunaanika mchangani. Mnunuzi akaukung'uta, mchanga ukamwagika, akashusha bei mbele ya macho yetu. Tukaona haya, tukajenga chanja.

La tatu ndilo lililotuumiza. Tukiuza, pesa zilikaa mfuko mmoja na za nyumbani. Leo unga, kesho madaftari ya mtoto, kesho kutwa harusi. Bamvua likafika, hata pesa ya kamba hatuna! Kila mmoja akasema, "Mimi sikuchukua nyingi." Na kweli, hapana aliyeiba. Hatukuandika tu. Tukakaa pwani tunatazama maji yakitoka na kurudi.

Sasa tuna daftari na sanduku. Kwanza tunatenga pesa za kamba, ndipo tunagawana. Hata mwenyekiti akikopa, anaandikwa.

Ndugu, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai. Tuandike.