Chuma Mwilini Kinataka Walinzi
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kipsongo, Kitale)



Damu inahitaji madini ya chuma, hilo twalijua sote. Lakini chuma kisicholindwa huharibu mafuta yaliyo katika utando wa chembe hai za mwili. Mafuta hayo huchacha kama njugu kuukuu, na chembe hufa. Mwaka 2012 wanasayansi huko New York waliita kifo hicho feroptosisi. Kimehusishwa na magonjwa ya figo, ini na ubongo.

Walinzi ni akina nani? Vitamini E huzuia mafuta hayo yasichache. Tunaipata katika njugu, alizeti na mboga za majani. Madini ya seleniamu, yaliyomo katika samaki na mayai, husaidia pia.

Basi tusiwanunulie watoto vidonge vya kuongeza damu kwa kukisia tu. Kisiwani Pemba, penye malaria nyingi wakati huo, watoto walipewa chuma na foliki kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006: kulazwa hospitali au kufa kuliongezeka kwa asilimia 12. Lakini waliopungukiwa chuma kweli, na damu yao ikiwa kidogo, walisaidika.

Kwa hiyo mtoto akipauka, twende kliniki apimwe kwanza. Naye mama mjamzito aliyepewa vidonge kliniki, asiviache.