Ibrahimu Apanda Mti

Fungueni pamoja nami kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, mstari wa 33. Hapo twaona kwamba Ibrahimu, baada ya kupatana na Abimeleki juu ya kile kisima, alipanda mkwaju huko Beer-sheba, akaomba.

Tukisikia mkwaju, mara twafikiri ukwaju wa sokoni. Lakini Kiebrania chataja mti mwingine, umeao wenyewe katika nchi ile kavu. Ibrahimu alikuwa mgeni pale. Mti alioupanda ulikuwa mwenyeji.

Sasa tazameni Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliletwa huko mti wa asili ya Amerika, ambao watu huuita mathenge. Nia ilikuwa njema kabisa: kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukastawi upesi, kisha ukazidi. Ulisonga malisho, ukafunga njia, miiba yake ikachoma watu na mifugo, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wenyeji walipeleka mbuzi asiye na meno mahakamani awe ushahidi. Wengine walicheka. Mwenye mbuzi hakucheka, maana mbuzi asiyeweza kula ni karo ya mtoto iliyopotea.

Simlaumu apandaye mkaratusi shambani ili auze nguzo; naye ana watoto wa kusomesha. Lakini kando ya chemchemi, na katika kiwanja cha kanisa, tupande miti ya mahali petu. Penye mto, mkuyu. Kule nchi kavu, mgunga: maganda yake hunonesha mbuzi, na nyasi humea chini ya kivuli chake. Hukawia kukua, kweli. Na kamati zetu hazipendi kukawia. Zataka kiwanja kiwe kijani kabla Askofu hajaja.

Vijana wa kipaimara, anzeni juma hili. Okoteni maganda makavu ya mgunga, mtoe mbegu, mtupe zilizotobolewa na wadudu. Nzima zitieni katika maji ya moto yaliyoepuliwa, zilale humo usiku kucha, kisha mzipande katika pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. (Zilizopita tumboni mwa mbuzi nazo huota vizuri, kwa hiyo tazameni zizini pia.) Mkiihamisha miche, kila mmoja uzungushieni miiba, maana mbuzi yule yule atakayenoneshwa na mti huo kesho, leo atautafuna.