CHUMVI HAIFUFUI JIBINI ILIYOHARIBIKA

(Maneno ya Kamati ya Maziwa mkutanoni, kwa wale waliokuwa shambani)



Tumeulizwa na wengi: jibini ya chumvi ikianza kuharibika, kwani haiwezi kuoshwa, ikatiwa chumvi mpya, ikauzwa? Jibu letu ni hapana.

Chumvi kazi yake ni kuzuia vijidudu visizaliane. Haiviui vyote, wala haiondoi sumu vilivyokwisha kuiacha ndani. Ndiyo maana tunadai maziwa yapashwe moto kwanza, nyuzi 63 kwa nusu saa nzima, kipimajoto kikiwa ndani, siyo kukisia kwa kidole. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba au kifua kikuu, maziwa yake yanaweza kuwa meupe na matamu kama ya wengine. Jibini yake nayo itapendeza machoni, halafu imlaze mtu na homa majuma mengi.

Sasa maji ya chumvi. Lita 10 za maji yaliyochemka na kupoa, chumvi kilo moja na nusu. Mizani hakuna? Tumbukiza yai bichi la siku hiyo. Likizama, chumvi bado. Bora zaidi tumia yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda, uyachemshe na kuyachuja, maana maji matupu hayana uchachu na jibini huota utelezi upesi. Chombo kiwe cha plastiki ya chakula au kioo. Sufuria ya alumini hapana, chumvi inaila. Jibini izame yote, kwani kinachochungulia juu ndicho kinachoota ukungu. Kutolea vipande ni kijiko safi, siyo mkono. Ndoo ikae penye baridi. Kule Misri penye joto, wanaotengeneza jibini ya Domiati hutia chumvi ndani ya maziwa hata kabla hayajagandishwa.

Dalili je? Utando mwembamba mweupe juu ya maji, na jibini bado imara, ina harufu yake ya kawaida: engua, badili maji, uile nyumbani upesi. Sokoni isiende. Lakini utelezi unaovutika kama mlenda, ukungu mweusi, wa kijani au mwekundu, harufu ya mkojo uliolala, basi hiyo imekwisha. Kukata palipoota ukungu hakusaidii, jibini hii ni laini na mizizi imeshaingia. Kifuniko kikifura, au ukikuta matundu mengi kama sifongo, ni vijidudu vimetoa hewa, na mara nyingi vimetoka kwenye kinyesi: kiwele hakikuoshwa au ndoo ilikuwa chafu. Usionje eti uhakikishe. Ifukie shimoni. Kuku na nguruwe msiwape, jamani, chumvi nyingi huwaua.

Tunajua uchungu wake. Kilo moja ya jibini hula lita 7 hivi za maziwa, na mwenye ada ya shule mkononi atashawishika kuiosha usiku. Lakini mteja mmoja akiugua, soko litatufungia sote, hata waliotengeneza vizuri. Kwa hiyo tunapendekeza: ndoo iliyoharibika ikiletwa wazi kabla ya siku ya soko, nusu ya hasara ibebwe na chama. Itakayokamatwa sokoni, mwenyewe abebe yote. Kura itapigwa mkutano ujao. Mwenye maoni ampelekee katibu.