Umaskini wa Kudumu Vijijini Dodoma: Tupange kwa Kuifuata Ardhi



Vijiji vingi vya Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo ukame ndio unaotwishwa lawama yote ya umaskini. Hoja yangu ni kwamba ukame hupunguza mavuno, lakini umaskini wa kudumu unatokana na namna tunavyolipanga eneo hili.

1. Historia

Njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, ilitokea katika eneo hili mvua zilipokosekana, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, mahali ambapo wenyeji walitegemea mtama, uwele na mifugo. Mvua hazikutosha, na udongo ulikauka ukawa mgumu hata karanga zikawa taabu kung'oa. Mradi huo ulitelekezwa mwaka 1951, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36.

2. Mzunguko wa kaya

Kaya maskini huuza nafaka au alizeti mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini, ili ilipe madeni na mahitaji ya shule. Ifikapo Januari ghala limekwisha. Hapo baba au mama huenda kuhemea, au hulima kibarua katika shamba la mwingine wiki zilezile ambazo lake linahitaji jembe. Lake hupandwa kwa kuchelewa, mvua hukatika kabla mazao hayajakomaa, na njaa ya mwaka ujao inakuwa imekwisha kuandaliwa. Msaada wa mahindi huokoa maisha, ila hauvunji mzunguko huu.

3. Tuliyojifunza

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, na uoto ukarudi. Hata hivyo, mzigo mkubwa waliubeba wafugaji. Leo wakulima wanatunza visiki hai: wanachagua machipukizi ya visiki vilivyomo shambani na kuyapogolea yawe miti. Hakuna mche wa kununua wala wa kumwagilia. Njia hii inafaa kwa sababu inaanza na kilichopo.

4. Mapendekezo

Kwanza, wilaya zipange kwa kufuata mabonde ya mito ya msimu, ili malisho, mashamba, makingamaji na malambo viwe katika mpango mmoja.

Pili, kila kijiji kiwe na ghala ambamo mkulima ataweka gunia na kupata mkopo mdogo, asilazimike kuuza chakula chake chote wakati wa mavuno.

Tatu, Jiji la Dodoma, ambalo Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, liwe soko la vijiji hivi. Shule na taasisi zake zinunue uwele, mtama na mafuta ya alizeti ya mkoa huu. Na kijiji kinachomezwa na upanuzi wa jiji kilipwe fidia kamili kabla ya kutoa ardhi.

5. Hitimisho

Naiomba semina hii iazimie kwamba kila mradi unaoletwa vijijini upimwe kwa swali moja: je, utamwezesha mkulima maskini kupanda shamba lake kwa mvua ya kwanza? Usiomwezesha usipewe kipaumbele katika bajeti.